Mkate wa Nyama wa Siku ya Jina

Bologna, 5 Oktoba 2003

Mpendwa Baba Stoyan,

Salamu zangu zikukute na afya, na kama mgongo unakusumbua, zikukute umelala karibu na jiko kama nilivyokuagiza, si juu ya ngazi unachuma matofaa. Mimi huku ni mzima. Bibi kizee ninayemtunza naye mzima. Ananigombeza kwa Kiitaliano, nami namjibu kwa Kibulgaria, na tunaelewana kuliko mimi na wewe.

Sasa nisikilize. Tarehe nane mwezi ujao ni sikukuu ya Malaika Mkuu uliyeitwa kwa jina lake, siku ya jina lako. Jirani yetu Nedelcho kanitumia maneno kwa dereva wa basi anayeleta barua hizi. Kasema unatangaza kilabuni kwamba mwaka huu utafunga lango, utazima taa na kulala na kuku, kwa kuwa mke hayupo. Rangel, mume wangu, una akili timamu kweli? Siku ya jina watu hawaalikwi, wanakuja wenyewe, na mwenye jina hana ruhusa ya kumrudisha mtu. Watasimama nje na chupa zao, wakijua uko ndani umejifunika blanketi. Aibu hiyo itanifikia mpaka huku.

Utapika. Usiruke, kaa chini usome. Utapika mkate wa nyama, kitu rahisi kabisa. Chukua nyama ya kusaga, ya nguruwe na ya ng'ombe pamoja. Kitunguu ukikate kidogo kidogo. Mkate mkavu uloweke kwenye maziwa, uukamue. Yai moja la kushikanisha, chumvi, pilipili manga, bizari nyembamba. Unakanda, unatandaza, unapanga mayai katikati kwa mstari, unakunja, unatia kwenye oveni na viazi pembeni. Ukikata, kila kipande kinatoka na duara lake la yai. Hata wewe utaweza.

Nakuaga kwa mapenzi,
Mkeo, Mama Stoyan


Dolna Krusha, 12 Oktoba 2003

Mke wangu Velika,

Barua yako imefika salama. Kuhusu afya, mgongo ni ule ule, mbwa mzima, kuku wamegoma kutaga isipokuwa wale wawili wazee, nadhani kwa heshima yako. Nawe ule vizuri, usimwachie huyo bibi kila kitu.

Nedelcho ni mdaku, lakini hajasema uongo. Lango nitalifunga. Na sababu unaijua mwenyewe, usinizungushe na habari za vitunguu. Mwaka jana siku kama hiyo Stoyan alikuja kutoka Gabrovo na mkewe, mkwe wetu akiwa na tumbo hadi hapa, na meza nzima ikanywa kwa afya ya Rangel mdogo anayekuja. Sikuona mtu akikohoa. Kumbe mwanangu ana lake moyoni. Pasaka, mbele ya kijiji chote, padri anamzamisha mtoto majini na kumwita Kaloyan. Jina la mfalme. Babu mtu kaendesha lori la maziwa maisha yake yote, mjukuu mfalme. Mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la baba wa baba yake, hata mbuzi wa kijiji hiki wanalijua hilo. Nilitoka kanisani na sijutii.

Sasa piga hesabu nami. Siku ya jina la baba, kila mtu anatazama lango kuona kama mwana kaingia. Nikilifungua na Stoyan asitokee, kufikia jioni kijiji kizima kitajua kwamba sina mwana tena. Nikilifunga, hakuna atakayejua kama alikuja au hakuja. Mimi mwenyewe pia sitajua. Ndiyo nafuu yenyewe.

Huo mkate wako nimeujaribu, kwa njaa tu. Nilipanga mayai katikati kama ulivyosema. Nilipokunja tu, yakapasuka yote, yakanimwagikia mpaka kwenye kiwiko. Kilichotoka kwenye oveni sikukijua jina. Mbwa alikula nusu, akaniangalia kwa huruma.

Mumeo, Baba Stoyan


Bologna, 19 Oktoba 2003

Baba Stoyan wangu,

Nimekusalimu, nimekukumbatia, na nimecheka hadi bibi kizee akatoka chumbani na fimbo akidhani nimepatwa na kifafa. Nilipomweleza kwa ishara kwamba mume wangu kapanga mayai mabichi, alicheka naye, na jioni ile hakunigombeza hata kidogo. Mayai yanachemshwa kwanza, baba wee. Sikuandika kwa sababu sikujua kama kuna binadamu wa kuandikiwa hivyo.

Hesabu yako nimeipiga mara mbili na ni hesabu ya mwoga. Unaogopa kujua, basi unataka kuzima taa. Na kama Stoyan atakuja akakuta lango lina komeo? Atarudi Gabrovo na mtoto mkononi, na hapo ndipo utakuwa huna mwana kweli, umemfukuza mwenyewe.

Najua utaniomba nini, kwa hiyo nakujibu kabla hujaomba. Sitamwandikia Stoyan. Hakuna anayealikwa siku ya jina, na baba ndiye wa mwisho wa kuvunja mila baada ya kelele zote ulizopiga juu ya mila. Akija, awe kaja kwa miguu yake, usije ukasema mama yake kamvuta sikio. Kazi yako ni lango na chakula tu.

Mkeo, Mama Stoyan


Dolna Krusha, 26 Oktoba 2003

Velika,

Sijambo, ila nimekasirika, na hasira ni dalili ya afya.

Mayai niliyachemsha. Mkate ulikunjika vizuri, ukaiva, ukapendeza, nikamwita Nedelcho auonje. Alitafuna mara moja, na ikasikika kama mtu anatembea kwenye changarawe. Hukusema yamenywe. Ulisema yachemshwe. Nedelcho alikaa mlangoni akitema maganda, anasema aliwahi kula vibaya jeshini lakini kule walau walikuwa wanamenya. Kesho yake kijiji chote kilikuwa na habari, na Tsonka mkewe akanijia na aproni yake ya maua, ananiambia niivae, pengine akili za jikoni ziko kwenye kitambaa. Nimeivaa. Usimwambie mtu.

Lango sijaamua.

Lakini kuna jambo nakuuliza kwa udadisi tu. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka, anakula nini? Pilipili manga inamchoma? Nauliza kwa sababu Nedelcho na Tsonka wanaweza kuja na wajukuu wao.

Mumeo, Baba Stoyan


Bologna, 2 Novemba 2003

Mume wangu mpenzi,

Natumaini unapumua vizuri na hasira imeshuka. Mjukuu wa mwisho wa Nedelcho yuko jeshini, ana ndevu.

Yachemshe, yamenye. Pilipili manga punguza. Mtoto wa umri huo hapewi kipande. Unamponda kiini cha yai na nyama laini ya katikati, huweki ukoko. Unampa kwa ncha ya kidole, si kwa uma, na unangoja ameze.

Asipokuja, Rangel, utakunywa na waliopo na utaniandikia kila kitu, nami nitalia na wewe huku. Sitakuambia haiumi. Lakini lifungue.

Wako, Mama Stoyan


Dolna Krusha, 9 Novemba 2003

Mama Stoyan,

Sijambo. Sisemi kwa adabu ya barua, ni kweli sijambo. Na wewe ukiisoma hii umesimama, tafuta kiti.

Jana asubuhi nilichemsha, nikamenya, nikakanda, nikakunja, na mkate ukatoka mzuri hata nikamtafuta mtu wa kumwonyesha, nikamwonyesha mbwa. Lango nililifungua pande zote mbili, lile la lori pia. Nikavaa shati jeupe. Aproni niliivua kwanza.

Wakaja. Nedelcho na Tsonka, wale tuliofanya nao kazi ya maziwa, padri na koo lake kavu. Pombe yetu ya rakia ikamiminwa, wakanitakia afya, kila mmoja akakaa akitazama lango kwa kuibia. Nilikata mkate vipande vyembamba. Tsonka akaniuliza kama nakata nyama au nakata karatasi. Nikasema ndivyo wanavyokata Italia.

Jioni ikaingia, na kwenye bati kikabaki kipande kimoja cha katikati chenye yai zima. Nilikisogeza dirishani, nikakifunika kwa sahani. Nedelcho, shetani yule, akakiona. Akasema, "Rangel, hicho unamwekea nani?" Ningefanya nini? Mwenye jina hamnyimi mgeni. Nikampa, akala, akafuta masharubu. Mimi nikabaki naangalia bati tupu, Velika. Nakuambia wewe tu. Niliona wote wamekuja isipokuwa mtu niliyempikia.

Walikuwa wameanza kuvaa makoti Stoyan alipoingia. Mkewe Radostina nyuma yake, mtoto kamfunika ndani ya koti lake. Stoyan akavua kofia, akasema kama wanavyosema wote, "Siku ya jina lako iwe na heri, baba." Nami nilikuwa na maneno tangu Pasaka, nimeyapanga, mengine makali, mengine ya busara. Yote yakakimbia. Nikasema, "Chakula kimekwisha."

Hilo ndilo neno la kwanza nililomwambia mwanangu baada ya miezi yote hiyo. Nilitaka ardhi inimeze. Stoyan akatazama bati, akanitazama mimi, akavua koti. "Basi tupike," akasema.

Nyama ilikuwepo ghalani. Akakunja mikono, akaanza kukanda kwenye beseni kama amezaliwa jikoni. Sijui kajifunza wapi, si kwangu. Watu wote wakavua makoti tena, hakuna aliyekuwa tayari kukosa hayo. Tsonka akamchukua Radostina kwenda kutoa matango ya siki kwenye pipa, na Radostina, bila hata kuniuliza, akaniweka mtoto mapajani. "Mshike kidogo, baba," akasema, akaenda zake.

Mtoto akatazama masharubu yale yote mezani, akaangua kilio. Nikamwambia, wewe kijana, tulia. Hapana. Nikamwambia, bwana mdogo. Nikampigia ulimi kama tunavyowapigia mbuzi. Alilia mpaka akawa rangi ya pilipili. Padri akatoa ushauri, Nedelcho akatoa ushauri. Nikainua macho kumtafuta Stoyan. Alikuwa kanipa mgongo, mikono imo kwenye nyama, lakini haikandi. Alikuwa anasikiliza. Hakugeuka, hakunisaidia, alisimama tu vile.

Nikainama kwenye sikio la mtoto. Nikasema, "Kaloyan."

Akakwama katikati ya kilio. Akanitazama, kwikwi moja, kwikwi nyingine. Nikasema tena, kwa sauti ya kusikika na meza nzima, "Kaloyan, mimi ni babu yako, usiniogope." Akanishika pua, Velika, kwa nguvu, kama mtu anayekagua tikiti sokoni. Huko kwenye beseni Stoyan akaanza kukanda upya, na hakugeuka bado, maana alikuwa anajifuta macho kwa bega.

Kwa kufuta macho hakuona anachotia. Chumvi aliitia mara mbili, labda tatu. Mkate ule ulipoiva ulikuwa hauliki, tumekunywa maji ya kisima kizima. Na tuliula wote, mpaka ukoko. Kaloyan sikumpa huo, nilimchemshia yai lake peke yake, nikamponda kiini, nikampa kwa ncha ya kidole, nikangoja ameze. Ana meno mawili ya chini. Anauma.

Wamelala hapa, leo wangali hapa. Jina bado silipendi sana, ni refu kwa mtoto mfupi. Lakini ni lake, na akiitwa anageuka.

Jitunze, urudi majira ya kuchipua kama ulivyosema, usichelewe.

Mumeo, Babu Kaloyan