Kura Saba za Mzee Ilukor

Malaba, 3 Mei 2022

Kwa binti yangu Akwii,

Mimi Ilukor nina miaka themanini na moja. Nimezika machifu wanne, ng'ombe kumi na tisa na mama yako, na bado natafuna mahindi ya kuchoma. Mwili uko imara, ni mguu wa kushoto tu una maneno yake. Wewe na baridi ya Naivasha mnaendeleaje?

Nagombea kiti cha MCA, mjumbe wetu kwa bunge la kaunti. Usicheke. Sina chama, alama yangu ni chungu. Kila jioni wazee wanajaa hapa, tunazunguka chungu cha pombe ya wimbi, kila mtu na mrija wake, na jina langu linaimbwa. Wewe bado uko kwa orodha ya kura hapa shuleni. Uje tarehe tisa Agosti, siku ya kura.

Baba yako

Naivasha, 11 Juni 2022

Baba,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mikono tu imechubuka na miiba ya maua huku kazini. Mguu umeukanda?

Baba, ukishinda utamtumikia nani? Waliotangulia tuliwaona: walitafuta kiti, wakakikalia. Tena jirani yako Roselida amenipigia simu. Anasema hao wanaokunywa kwako wanavuka mto kutoka upande wa Tororo. Kura yao iko Uganda, Baba. Wanakumalizia wimbi tu.

Ruhusa kazini ni ngumu, lakini nitajaribu.

Binti yako

Malaba, 2 Julai 2022

Akwii,

Mguu nimeukanda, umekataa. Roselida mwambie achunge kuku wake. Hao ni Wateso, damu moja na sisi. Mto ni maji tu. Siku hiyo ya kura, kufika saa nne asubuhi mtaniita mheshimiwa.

Umesema utajaribu. Mimi nimeshawaambia watu unakuja. Chumba chako nimekipaka udongo mpya, kwa mikono yangu.

Baba yako

Malaba, 21 Agosti 2022

Akwii,

Natumaini uko mzima, maana hukuja na hukuandika.

Nilipata kura saba. Roselida alisema kweli, na mimi nilijua kabla yake. Wa hapa waliacha kuja tangu tumzike mama yako. Mzee wa Kiteso kunywa peke yake, mrija mmoja chunguni, ni aibu. Nikaona mgombea hakosi wageni. Uliniuliza nitamtumikia nani. Nilitaka watu waje, basi. Labda hata hao wakubwa huanza hivyo, sijui. Matokeo yaliposomwa, hakuvuka tena hata mmoja.

Na kwa hizo saba usitafute yangu, haimo. Nilikaa langoni pa shule tangu saa kumi na mbili asubuhi ili tuingie pamoja. Kila gari likisimama, nainuka. Kama hunisadiki muulize Elungat, askari aliyefunga lango saa kumi na moja jioni. Ndiye aliyeniambia, "Mzee, na wewe mwenyewe hujapiga."

Baba yako