Mama Mkwe Hakumpigia Baba Makofi

Shangazi Kuruthumu, shikamoo, naomba unisaidie kabla ndoa yangu haijavunjika, nakuandikia nikiwa Kumsenga kwa wazazi ingawa nimeolewa Heru Juu, na kilichonirudisha huku ni mama mkwe, bibi wa zaidi ya miaka tisini, mwenyewe husema alizaliwa wakati Mbelgiji akitutawala huku kwetu, kabla ya Mwingereza, nimemkogesha na kumpikia uji miaka yote bila kununa, na unajua sisi Waha salamu si mdomo tu, ni kuinama na kupiga makofi, sasa baba yangu mzee Bazilio alikuja kututembelea, akainama, akapiga makofi, "Mwakeye!", bibi akamkodolea macho tu, mkono wa kushoto kaulaza mapajani, na jana yake alikuwa amemwitikia jirani vizuri kabisa kwa mikono yote miwili, halafu akaguna maneno ambayo hata mume wangu Tharsisi hakuyaelewa, baba akasema hiyo ni dharau akaondoka bila kula. Nikavumilia, lakini bibi akazidi, akawa ananiita jina la dada yake aliyekwisha kufa, anasinzia mchana kutwa, uji wangu akiunywa anakohoa makusudi na kuutema, ndipo nami nikamfuata baba. Tharsisi anapiga simu anasema ni uzee tu, anamlisha mwenyewe kitandani, niwahi kurudi, na baba anasema sitoki hapa mpaka bibi amwombe yeye radhi. Nampenda mume wangu. Nirudi au nisubiri?

Epifania

Epifania, marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili, dharau sikuiona. Nimeona kiharusi.

Mimi si daktari, kwa hiyo nimemuuliza tabibu mmoja hapa Kasulu. Anasema kwa mtu wa makamo mara nyingi kila mtu anakitambua: mdomo umepinda, mtu kaanguka. Kwa aliyevuka themanini kinaweza kuja kimyakimya: anachanganyikiwa, anasinzia, mkono unalegea, na nyumba nzima inasema uzee. Mara nyingi chanzo ni moyo unaodunda ovyo, damu inaganda humo, kisha donge linapanda kuziba mshipa wa ubongo. Na umri huo huumia zaidi.

Lakini uzee hauingii kati ya jana na leo! Jana kapiga makofi, leo mkono umelala, na wewe uliyezoea kumkogesha hukuushika uone kama una nguvu? Nakuhurumia, umechoka, na baba ni baba. Ila umeniudhi.

Hakohoi makusudi. Koo limelegea, uji unaingia njia ya hewa, na nimonia ndiyo inayowamaliza wengi. Mpigie Tharsisi sasa hivi, asimpe chochote mdomoni mpaka hospitali wapime anavyomeza. Akodi gari, bodaboda hapana, ampeleke leo. Wapime moyo, presha na sukari. Aspirini ya dukani asithubutu, maana kuna kiharusi cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka, na dawa ya huyu humuua yule.

Saa za mwanzo mmezipoteza. Siwezi kukuahidi kwamba mkono utarudi. Kiharusi cha pili kinaweza kuzuiwa, na akigeuzwageuzwa kitandani hatatoka vidonda. Atakayekwambia mtu wa miaka tisini hatibiwi, mpuuze. Miaka tisini si ugonjwa.

Wewe rudi Heru Juu leo hii. Baba akikuzuia, muulize hiyo radhi ataidai kwa nani tukishazika.