Mashine ya Doto Imepoa

Mbinga, mwishoni mwa Mei

Mama Kulwa,

Mwadila. Nimekuamkia kwanza kwa lugha ya nyumbani, kwa kuwa huku hakuna wa kuniitikia. Sasa niendelee kwa Kiswahili, kama tulivyozoea kuandikiana.

Goti lako linaendeleaje tangu mvua zilipokatika? Pamba ya shamba la chini imeanza kupasuka? Wachumaji umewapata, au wote wamekimbilia Maswa? Na yule ng'ombe mwekundu, amezaa salama? Nijibu swali moja moja. Usiniandikie kwamba nyote hamjambo, hali najua hapo nyumbani hakosekani mwenye lake.

Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya milima hii inaniingia hadi kwenye meno, lakini nakula, na blanketi ninalo.

Umeniuliza mara mbili kwa simu kwa nini sirudi, ilhali ukoo unasubiri vitu vya marehemu ndipo matanga yaondolewe. Mara zote mbili nilikujibu kwamba shule aliyokuwa akifundisha mwanetu imeniomba nifundishe kidato cha kwanza hadi muhula uishe. Hilo ni kweli, lakini si kweli yote. Lililobaki halifai kusemwa kwa simu huku wengine wakisikiliza. Ndiyo sababu naandika.

Nilipofika kuchukua vitu vya mwanetu nilidhani ni kazi ya siku tano. Nguo, baiskeli na vitabu nilivifunga siku ya kwanza. Ikabaki kompyuta yake. Unakumbuka kwamba Doto aliyapiga picha madaftari yangu yote ya maneno ya Kisukuma ya kilimo na mifugo, kabla mchwa hawajayala ndani ya kasha. Kazi yangu ya miaka thelathini sasa imo ndani ya mashine hiyo na haipo kwingine. Imo pia kazi yake mwenyewe: programu aliyoiandaa isome mwandiko wangu na kuugeuza kuwa chapa, ukurasa baada ya ukurasa.

Lakini kila nilipoiwasha ilipata moto kama kikaango, feni ikavuma, na kabla ya robo saa ikazimika yenyewe. Hata kunakili vilivyomo haikuwezekana.

Hapa nikueleze kosa la kwanza, nawe usihuzunike. Ule mto ulioushona na kuujaza pamba yetu, ili kompyuta ya mtoto isigongwe safarini, Doto alikuwa ameutandika mezani na kuiweka mashine juu yake. Nami nikaendelea hivyo hivyo. Mwalimu wa fizikia, mama wa makamo aitwaye Adela, aliyekuwa jirani wa Doto katika nyumba za walimu, alipoona alicheka.

"Mwalimu, umeivika blanketi, halafu unalalamika inatoka jasho. Itapumulia wapi?"

"Kwetu kila chenye thamani hulazwa juu ya pamba," nikamjibu.

"Kuku anayetaga, sawa. Hii haitagi."

Nikauondoa mto. Mashine ikadumu dakika chache zaidi, kisha ikazimika vilevile. Nikaipeleka kwa fundi mjini, naye akataka kufuta kila kitu.

"Mzee, hii Linux ya kijana wako ni mfumo wa wataalamu. Nikuwekee mfumo unaojulikana na kila mtu, utasahau shida."

"Na vilivyomo vitakwenda wapi?"

"Hivyo vitakwenda na maji."

Nikaichukua mashine yangu nikaondoka. Wiki hiyo hiyo kaka yako Njile akanipigia simu. "Shemeji," alisema, "kitu cha marehemu hakipati moto bure. Mwenyewe ana neno. Kilete huku kiangaliwe na wanaojua, usikichezee." Nilimjibu kwa ukali, kama ilivyo desturi yangu, kwamba mimi ni Mkristo na mwalimu.

Basi Mwalimu Adela ndiye aliyenielewesha. Ndani ya kompyuta mna kichakato, yaani sehemu inayofanya hesabu zote. Kichakato kina mwendo wa polepole na mwendo wa mbio, na katika Linux kuna kisimamizi kinachoamua mwendo upi utumike. Kazi ikiwa ndogo, kisimamizi hushusha mwendo, joto likapungua na betri ikadumu. Mashine ya Doto ilikuwa ikienda mbio kamili hata nilipokuwa nimekaa tu nikiitazama. Nilielewa mara moja. Ni maksai anayetembezwa kwa mwendo wa kulima huku anapelekwa kunywa maji.

Kwa wiki mbili nilisoma maelezo ya kisimamizi hicho, kamusi ya Kiingereza ikiwa pembeni, dakika kumi kumi kabla mashine haijazimika. Amri zake ni fupi, wala hazivumilii herufi moja iliyokosewa, jambo ambalo silichukii. Adela alisema, "Leo umekutana na mkali mwenzako."

Siku nilipoipa amri ya kwenda kwa mwendo wa akiba, feni ilinyamaza. Niliweka kiganja juu yake kama tunavyompima mtoto, nikaona joto linashuka. Nikaizima kwa furaha. Asubuhi nilipoiwasha, moto ukarudi. Nikatoa amri tena, ikapoa. Nikaizima na kuiwasha, moto ukarudi. Mara tatu.

"Kuna mtu anaiamuru upya kila inapowaka," Adela akasema.

"Humu ndani hakuna mtu ila mimi."

"Basi ni aliyeiamuru kabla yako."

Tukatafuta miongoni mwa mafaili yanayosomwa mashine inapoanza. Tulilipata siku ya pili, faili fupi lililoandikwa na Doto. Lilikuwa na amri mbili tu za kulazimisha kasi kamili. Juu ya amri hizo, mahali ambapo mashine haisomi, alikuwa amejiandikia maneno ya kujikumbusha. Nayanakili kama yalivyo:

"Kasi kamili usiku na mchana. Baba ana haraka. Nikimaliza ukurasa wa mwisho nirudishe kama ilivyokuwa, isije ikaungua."

Mama Kulwa, nilisoma maneno hayo mara moja, sikuhitaji mara ya pili. Kila Jumapili nilimpigia simu mtoto yule. Sikumuuliza kama amekula. Nilimuuliza amefika ukurasa gani. Na ile Jumapili ya mwisho, wewe ukiwa uani unapepeta choroko, nilimwambia: "Wewe uliyezaliwa wa pili umekuwa Doto hata kwa kazi. Kulwa angekuwa amekwisha maliza." Uliinua kichwa ukanitazama. Kisha ukaendelea kupepeta. Nilijua umesikia, nami nikajifanya sijui.

Adela naye alisoma faili lile. Kisha akaniambia jambo alilokuwa amelificha tangu nilipofika.

"Homa ilimshika Alhamisi. Nilimwambia aende hospitali. Akasema, 'Madamu, kurasa za baba zikiisha Jumatatu nitakwenda.' Jumatatu ndiyo tuliyombeba."

Daktari alituambia kwamba malaria ilikuwa imepanda kichwani, nasi tukapokea kuwa ni kazi ya Mungu. Sisemi kwamba Mungu hakuwamo. Nasema kwamba nami nilikuwamo. Nawe umekaa na jambo hilo miezi mitatu bila kunitamkia. Ungenitamkia ningekujibu kwa ukali, na labda ndiyo maana ulinyamaza. Mwambie Njile kwamba hakukosea sana: mwenyewe kweli alikuwa na neno. Lakini lilikuwa limeandikwa, na nililisoma mwenyewe.

Nilizifuta zile amri mbili. Maneno yake sikuyagusa. Sasa mashine inawaka saa nne bila kuzimika, na hata ukiiweka juu ya magoti haichomi. Picha zote na kurasa zote alizozimaliza nimezinakili mahali pawili. Zimebaki kurasa sitini na moja, na kwa mwendo wa polepole hazitaisha kabla sijaondoka.

Jana Adela aliniambia, "Mwalimu, mto hauko tena chini. Tukiirudishia kasi kamili siku moja tu, tukaiwekea feni pembeni, utarudi kwenu Nkololo na kazi yako yote."

Nikamwambia hapana. Haitakimbizwa tena kwa ajili yangu, hata saa moja. Nitarudi na kazi ambayo haijakwisha.

Shule zikifungwa mwezi ujao nitapanda basi. Matanga yapangwe kwa Jumamosi ya pili baada ya kufika kwangu. Vitu vya marehemu vitakapogawiwa, mashine hii isigawiwe kabla sijasema. Nitasimama mbele ya ukoo na kuyarudia maneno niliyomwambia mwanangu kwa simu, yote, kama nilivyoyatamka. Watanihukumu watakavyo. Wewe hutalazimika kusema lolote.

Nisalimie mama mkwe, umwambie dawa ya macho nimeipata. Nisalimie katekista wetu, na yule jirani mjane anayekusaidia kukamua. Mpwa wangu wa Kimali akipita na mifugo, ajue kwamba nitamhitaji siku ya matanga.

Kulwa usimsomee barua hii. Najua atakuja kituoni kunipokea mzigo, kama mtoto aliyelelewa vizuri. Jina lake nililitumia kama fimbo ya kumpigia pacha wake, naye hajui. Mwambie tu kwamba siku hiyo asinipokee chochote mkononi kabla sijazungumza naye.

Mimi mumeo,
Baba Kulwa na Doto