Mwandishi Ametoweka

Masanze, Kilosa
Jumanne, 3 Septemba 2024

Mjukuu wangu Rebeka, mke mwenzangu,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, mahindi yameshapanda darini, goti la kushoto linauma kama kawaida yake. Wasiwasi ni kwako wewe. Unakula? Vaileth anayepeleka nyanya huko Mikumi anasema umekonda mpaka shingo imekuwa kama ya jogoo wa kienyeji.

Usiniambie nipige simu. Kwenye simu unasema salio limekwisha, unakata. Barua haina salio.

Kitabu chako nimekipata. Nimekisoma mwenyewe, sikusomewa na mtu. Darasa la nne la misheni si mchezo, ninyi wa siku hizi mnamaliza kidato cha nne na tangazo la mnada hamlisomi mkalimaliza. Nimefuatisha kwa kidole mpaka mwisho. Kuona jina lako pale juu nimefurahi, siwezi kusema uongo. Jumapili nilikibeba kanisani nikakiweka juu ya Biblia ili kina mama wenzangu wakione. Yusta akauliza, "Ni kitabu cha nyimbo?" Nikamwambia, "Ni cha mjukuu wangu, wako ameandika nini?" Akafungua kitabu chake cha nyimbo.

Happiness wa dukani anasema huko kwenye simu wasomaji wanatoa nyota, na mimi nikupe. Nakupa tatu. Huyo msichana wako anatoweka pembeni ya hifadhi, inabaki kandambili moja mchangani, halafu kurasa zote zinazofuata watu wamekaa wanaogopa. Wamekaa wanaogopa nini? Huku kwetu mtu akipotea mwano wa kuita watu unapigwa, Simoni anapuliza pembe yake, kila mwenye miguu anatoka na panga. Hata yule uliyemnyima chumvi jana anatoka kukutafuta. Umekulia hapa, umesahau mara hii? Kitabu kizima hakuna hata mtu mmoja wa kuvaa viatu!

Nyota mbili nimezishika. Nitakupa siku ukiandika watu wa kweli.

Kula.

Bibi yako,
Costancia


Mikumi
Alhamisi, 12 Septemba 2024

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa. Mimi sijambo, nakula, mwambie Vaileth shingo ni yangu mwenyewe.

Nimecheka sana nyota zako tatu, kisha nikalia kidogo. Bibi, wewe ndiye mtu wa kwanza kukisoma mpaka mwisho. Maboksi yamejaa chini ya kitanda. Tuko kwenye grupu la waandishi tunaojichapishia wenyewe, tunasifiana. Mimi nampa mtu nyota tano kwa kitabu nilichokiishia katikati, naye jioni ananipa tano kwa kitabu ambacho sidhani kama alikifungua. Ukiangalia ukurasa wangu utadhani natoka kuoga sifa. Wasomaji wenyewe hawapo.

Kuna kaka mmoja, Amon, anachambua vitabu mtandaoni na ana wafuasi wengi. Ameniambia kitabu cha kutisha hakiuziki mpaka kiwatishe watu kabla hawajakinunua. Kwa hiyo Jumatatu atarusha picha ya kandambili yangu ya njano mchangani, kama ilivyo kwenye jalada, na maneno "Mwandishi ametoweka." Mimi nitazima simu mpaka Jumapili ya tarehe ishirini na mbili, halafu nitajitokeza laivu nikicheka.

Ndiyo maana nakuandikia mapema. Usishtuke. Sijapotea, nipo chumbani kwangu kwa Mama Odilia.

Picha tulipiga wiki iliyopita Korongo la Mbega, pale tulipokuwa tunachimba maji na Lenku tukiwa wadogo. Nisamehe sikupita nyumbani. Amon alizunguka na pikipiki akanisubiri upande wa pili kwenye chemchemi, nami nikalifuata korongo peku mpaka huko. Kandambili tuliisahau palepale. Iliniuma, maana ni wewe uliyeishona mkanda kwa uzi mwekundu.

Barua hii nampa Vaileth, anaondoka kesho asubuhi.

Mjukuu wako,
Rebeka


Masanze
Jumamosi, 21 Septemba 2024

Rebeka,

Huku si wazima.

Barua yako ya kusema usishtuke imefika jana. Jana! Vaileth alipotoka kwako alikuta ujumbe wa msiba wa shangazi yake, akaenda Ruhembe na barua ndani ya kikapu, akakaa matanga na barua ndani ya kikapu. Simlaumu. Nakulaumu wewe.

Sasa nikuambie ulichokifanya, maana huko ulikojifungia hukioni.

Jumanne Happiness alikuja anakimbia, khanga imemwanguka begani, ananyoosha simu. "Bibi, hii si ya Rebeka?" Nikatazama. Mchanga mweupe wa Korongo la Mbega, kandambili ya njano, uzi mwekundu. Uzi wangu. Happiness akanisomea: mwandishi ametoweka. Nilikaa chini, na hapakuwa na kiti.

Simu yako ikapigwa mpaka vidole vikachoka. Haipatikani. Simoni akapanda kichuguuni akapuliza pembe, mwano ukaitika mpaka kwa majirani wa ng'ombe huko bondeni. Rebeka, unajua tangu ugomvi wa mashamba hawa na hawa hawapeani hata maji. Siku hiyo walitoka wote. Yared alikuwa na panga lake, baba zake Kitashu, wale wa ng'ombe, na mikuki, njia moja, hakuna aliyeuliza ng'ombe wa nani alikula mpunga wa nani. Mwenyekiti akawapigia hifadhi, nao wakaja na gari. Na wa mbele kabisa alikuwa Lenku, mwana wa Resiato. Alisema, "Korongo hilo nalijua mimi, tulicheza huko." Akaona nyayo zako. Alisema ni za mtu peku, mwepesi, anaelekea ndani. Akazifuata mbio, wengine wakabaki nyuma.

Kiza kilipoingia wote walirudi. Lenku hakurudi.

Kesho yake wakaenda, na keshokutwa yake. Walikuta mahali tembo wamelala, wana ndama. Lenku hawakumkuta.

Resiato amekuwa akija kwangu kila asubuhi na kibuyu cha maziwa. Kwa sababu mimi ndiye niliyefiwa, anavyodhani. Ananishika mkono, ananiambia, "Mama Costancia, Lenku atakuja naye." Mwanawe yuko porini na ananibembeleza mimi!

Jana Vaileth akanikabidhi barua yako hapo uani, watu wamejaa. Nimeisoma kwa sauti, sikuruka mstari. Nilipofika pale pa kucheka laivu, Simoni alitema mate akaondoka. Watu wa ng'ombe wakaanza kusema kwa lugha yao, sikuelewa, lakini sauti niliielewa. Vijana wao wanasema mkulima amemtuma mtoto wao porini kwa uongo. Resiato alichukua kibuyu chake, kikiwa bado na maziwa, akaenda.

Nimeogopa maishani mwangu. Nimeogopa njaa, nimeogopa mafuriko yalipobeba daraja. Hofu hii ni mpya, sijui pa kuishika.

Waambie hao wa kwenye simu ukweli, leo hii. Kisha uje usimame mbele ya Resiato akuone una miguu miwili. Usinitumie maneno. Njoo wewe.

Bibi yako


Stendi ya Mikumi
Alhamisi, 26 Septemba 2024

Bibi,

Shikamoo, hata kama huitikii. Sikuulizi hali, naijua.

Barua hii naiandika kwenye basi. Nitampa kondakta akuletee, kwa sababu mimi nitashuka kabla ya kufika kwako. Soma mpaka mwisho ndipo unitukane.

Barua yako niliipata Jumapili, na siku hiyohiyo niliandika ukweli wote. Kwamba nipo, kwamba tulidanganya, kwamba kuna mtu anaitwa Lenku ana mke na mtoto na ameingia porini kunitafuta, na anayefahamu njia za huko atusaidie. Niliweka na picha yake. Unajua walinijibu nini? "Hii ni kali kuliko ya kwanza." "Sehemu ya pili inatoka lini?" "Nyota tano, nimetetemeka." Kila nilivyoapa ndivyo walivyosifu. Mmoja wa grupu letu akaandika kwamba Lenku ni mhusika aliyechorwa vizuri. Amon akanipigia, "Usiharibu sasa, vitabu vimekwisha, watu wanaagiza." Nikamwambia naingia korongoni. Akasema ngoja aje na kamera.

Jumanne nilizima simu. Siwezi tena kuiona ikiwaka.

Nilikuogopa wewe, Bibi. Nilimwogopa Resiato zaidi. Siku zote hizi nimekaa kitandani nikisema kesho. Lakini jana nikakumbuka kitu ambacho ninyi hamkijui. Korongo linapogawanyika mara mbili, watu wote huenda kulia, kwa sababu ndiyo njia. Mimi siku ile nilikwenda kushoto, kwenye mawe, nikapita juu mpaka chemchemi. Mawe hayashiki nyayo. Wengine wasingeona, ila Lenku angeona. Najua alikokwenda kwa sababu amenifuata mimi.

Ni mwendo mfupi mchana. Nina maji na bandeji. Nitakwenda mpaka chemchemi na kurudi, halafu nitakuja kwa Resiato na miguu yangu miwili, kama ulivyosema.

Nimeogopa sana. Basi linawashwa, naishia hapa.

Mjukuu wako,
Rebeka


Masanze
Ijumaa, 27 Septemba 2024, asubuhi

Mjukuu wangu Rebeka,

Barua hii naituma kwa Vaileth, aipitishe chini ya mlango wako kwa Mama Odilia. Nimemwambia agonge mpaka mkono umuume.

Lenku amerudi. Amerudi Jumatano, siku moja kabla hujapanda basi. Alitokea upande wa Zombo, amebebwa na mchoma mkaa mgongoni, kifundo cha mguu kimevimba kama boga. Tembo walimkimbiza kwenye mawe akaanguka, akatambaa, akanywa maji ya chemchemi. Kandambili yako alikuwa ameifunga kiunoni. Aliponiona aliuliza, "Amepatikana?"

Happiness alikupigia saa ileile. Haipatikani. Tukaandika ujumbe, haukufika. Jana asubuhi nikampa Vaileth maneno ya mdomo akuletee: Lenku mzima, baki huko huko. Basi lake linakwenda Mikumi, lako linakuja. Mmepishana njiani. Alirudi jioni, anasema aligonga mlango wako hakuna aliyeitikia.

Kondakta alinipa barua yako mchana. Akasema umeshuka kwenye njia panda ya korongo, umevaa raba nyeupe, umemuaga vizuri.

Nilikwenda kwa Simoni. Nikamwambia apulize pembe. Alikuwa anakoboa mahindi, hakuinua kichwa. "Bibi Costancia, hicho ni kitabu cha pili?"

"Simoni, mtoto ameingia porini."

"Na wiki iliyopita alikuwa ameingia wapi?"

Nikaenda kwa mwenyekiti. Ananiheshimu, alinipa kiti. Akasema hawezi kuwapigia hifadhi mara ya pili akachekwa, tungoje kwanza, pengine Jumapili utatokea kwenye simu. Yared akasema yeye alikosa siku tatu za kazi kwa ajili ya kandambili. Happiness peke yake ndiye aliyelia, lakini ana mimba, atatembea wapi? Nyumba kwa nyumba, Rebeka. Mimi, Costancia, ambaye sijawahi kubisha hodi kwa mtu kuomba hata moto. Wote wazuri, wote wakanipa pole. Hakuna aliyevaa viatu.

Nyota zako tatu zinanirudia kichwani. Niliandika kwamba kwetu watu hawakai. Wamekaa.

Mtu mmoja alikuja. Resiato. Sikumwita, wala ningethubutu. Alisimama mlangoni na fimbo ya mumewe, akasema, "Twende kabla jua halijashuka." Tukaenda vikongwe wawili, na hili goti langu. Tulizikuta nyayo za raba. Zinaingia, zimenyooka, hazikuzunguka. Palipogawanyika korongo zikaenda kushoto, kama ulivyoandika, kisha mawe. Tukaita jina lako. Kulikuwa na kinyesi cha tembo, bado kina joto. Resiato alinivuta mkono turudi, nikakataa, akanivuta tena.

Leo tunarudi. Lenku amekata mti wa kuegemea, anasema hata akiruka kwa mguu mmoja atatuonyesha njia ya juu. Mama yake amemkataza na yeye amekataa kukatazwa. Wananingoja hapo nje sasa hivi. Nimevaa mabuti ya babu yako.

Kila barua ya siku za amani nilikuandikia wasiwasi ni kwako wewe. Nilifundishwa hivyo misheni, ndivyo barua inavyoanza, niliandika kama mtu anavyopiga chafya. Sikuwa na wasiwasi wowote. Leo sikuweza kuliandika neno hilo pale juu.

Sasa nisikilize. Inawezekana hukuingia. Inawezekana uliingia ukatokea upande wa pili, Amon akakupakia kwenye pikipiki yake, mko humo chumbani mmefunga mlango mnasoma watu wanavyoandika. Naomba iwe hivyo. Nimepiga magoti usiku kucha nikiomba iwe uongo, nami uongo nimeuchukia tangu nizaliwe. Kama umo humo, sitakugombeza. Sitasema neno. Nitakwenda mwenyewe kwa Simoni na kwa mwenyekiti nikacheke nao.

Zile nyota mbili nilizozishika, chukua. Zote tano ni zako. Fungua mlango tu, umwambie Vaileth kwamba umenidanganya tena.

Bibi yako