Zile Sauti Ulizokataa Zifutwe

Mayu, mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje tangu mvua zianze? Na ng'ombe wanapata majani hapo Majimoto, au bado kaka Masanja anawapeleka mbali? Mimi huku Marekani ni mzima, na jana nimelala usingizi wa kweli.

Uliniuliza kwa nini namsumbua dada Kabula anirudishie sauti zangu zote nilizowatumia kwenye simu yake. Sikukujibu, roho ilikuwa juu. Sasa yamekwisha.

Unajua huku nasafisha nyumba za watu, nazunguka na gari langu mwenyewe. Sheria yao ni kwamba maili unazoendesha kikazi zinakupunguzia kodi, ila uoneshe ulitoka wapi, ukaenda wapi, lini. Za asubuhi kutoka kwangu hazimo, ni zile za kutoka kwa mteja mmoja hadi mwingine. Mimi sikuandika hata moja! Mzee anayenisaidia mambo ya kodi akaniambia, "Bila kumbukumbu, utalipa yote." Yote, Mayu! Nauli ya kuja kukuona ingekwenda na maji.

Ndipo nikakumbuka amri yako. Tangu tembo amkimbize Masanja akiwa kwenye pikipiki njia ya Sitalike, ulisema mtoto wako akitoka aseme, akifika aseme. Na mimi huku kusiko na tembo nikaendelea: "Mayu, natoka kwa bibi mwenye paka, naelekea kwa mwalimu." "Mayu, nimefika." Wenzangu walinicheka, eti mtu mzima anaripoti kwa mama. Wacheke tu! Simu yangu ilishazama kwenye ndoo ya sabuni, kila kitu kikapotea. Kumbe huko Kabula alitaka kuzifuta, simu imejaa, ukamjia juu: "Futa vingine, hiyo ni sauti ya mwanangu!"

Alipozirudisha, tukazisikiliza na yule mzee, moja moja, tarehe na saa zipo, tukapima njia kwenye ramani. Ofisi ya kodi imekubali. Nilicheka, nikalia hapo hapo mbele yake. Asante, Mayu. Asante sana.

Msalimie Masanja, mwambie namshukuru yeye na tembo wake. Kabula asihangaike na simu, mpya naja nayo. Na baba mdogo wa Mishamo, shikamoo yake.

Tiketi nimeshakata. Siku hiyo utasikia "Mayu, natoka." Ya kufika usiisubiri kwenye simu, nitaisemea mlangoni.

Mwanao,
Shija