King'ora cha Watu wa Miwa

Lubao,
Mei 11, 2026

Kwa Baba,

Mulembe, baba. Goti linasemaje? Sisi huku tunapumua. Mjukuu wako Awinja alishikwa na kifua wiki nzima. Nilimpeleka hospitali nikaambiwa sistimu iko chini, ningoje au nilipe. Nikalipa. Hiyo bima ya serikali naiona kama jirani wa kukopa chumvi: siku yako ya shida ndiyo siku hayuko nyumbani.

Naandika kwa sababu nikikupigia simu unaweka spika, na maneno yetu yanafika kwa chifu kabla sijakata. Shitanda atakuletea hii akitoka kuuza ng'ombe hapa sokoni. Yeye ndiye ameniambia eti unataka kufyeka mahindi upande miwa. Mahindi yamefika kifuani, baba! Unga umepanda tena, na nauli inaufuata kama kifaranga. Gunia lako ndilo linatushikilia, mimi na mtoto. Kiwanda cha sukari kilifungwa nikiwa msichana. Nani amekuambia kimefunguliwa? Niandikie yote, usinifiche.

Binti yako,
Nabwire


Nyumbani,
Mei 14, 2026

Mama yangu Nabwire, wewe uliyerithi jina la mama aliyenizaa,

Mulembe muno. Goti liko pale pale. Mwambie bibi yangu Awinja kwamba mume wake anamsalimu, na ananung'unika kuwa amekaa kwenu sana.

Ni kweli ulivyosikia. Jumamosi mheshimiwa anayetaka kiti alipita na magari yake hadi kwa geti la kiwanda. Mimi nilikuwa huku napalilia. Saa sita nikasikia king'ora. Nabwire, king'ora chenyewe! Kile kilichokuwa kinatutoa zamu, kile marehemu mama yako akikisikia anaweka maji ya kusongea obusuma motoni kwa maana anajua nakuja. Nilisimama na jembe. Jirani yetu Zilpah alilia. Jioni vijana wa mheshimiwa wakapita wakisema atakayekuwa ameondoa mahindi kufikia mwisho wa mwezi ataletewa mbegu ya miwa bure.

Sasa na mimi nikuulize. Nasikia huko Lubao wapinzani wanagawa leso. Nani amekutuma?

Baba yako,
Osundwa


Lubao,
Mei 18, 2026

Kwa Baba,

Mulembe. Kifua cha Awinja kimefunguka. Anasema mume asiyemtumia bibi yake hata muwa wa kutafuna asinung'unike.

Hakuna aliyenituma. Leso nilipewa, nikachukua, na ndiyo namfungia mtoto mgongoni. Mgongo wameufunika, kura yangu hawajaiona. Hivyo ndivyo nimejifunza kuishi na hawa watu. Wakileta, napokea. Wakinisalimu kwa mkono, nakagua vidole vyangu kama vimerudi vyote.

Uchaguzi ni mwaka ujao, mbona huruma imekuja mapema hivi? Walimu wanaoninunulia mboga wanakatwa mshahara eti wajengewe nyumba, na sijaona hata mmoja akinining'inizia funguo. Mbolea ya bei nafuu ulipangia foleni ukarudi na mkokoteni mtupu. Leo hao hao ndio wataleta mbegu bure, tena hadi mlangoni?

Baba, moshi uliuona? Molasi ilinuka hadi kwa nguo zilizoanikwa, kama zamani? Kuna trekta hata moja lililopita na miwa? Kiwanda hakiamki kwa mdomo peke yake. Usiguse mahindi. Nakupenda, baba, lakini hapo sibembelezi. Nakataza.

Binti yako,
Nabwire


Nyumbani,
Mei 21, 2026

Nabwire,

Salamu zako nimezipata. Umenikataza, sawa. Ulisoma hadi kidato cha pili kwa miwa, si kwa mahindi. Kalamu unayonichapia nayo ilinunuliwa na miwa. Moshi utakuja, sauti ndiyo hutangulia.

Ijumaa ya wiki ijayo nafyeka, na Zilpah anafyeka. Usiniandikie tena habari ya mahindi. Awinja msalimie, yeye hana makosa.

Baba yako


Lubao, sokoni,
Mei 28, 2026

Kwa Baba,

Mulembe. Salamu zingine utanidai, Shitanda yuko mbioni kuondoka.

Ulisema nisiandike habari ya mahindi. Naandika habari ya ng'ombe. Leo lori la mheshimiwa yule yule limekuja hapa, spika zimefungwa juu kama mizinga ya nyuki. Kijana wa muziki akabonyeza, na king'ora cha kiwanda kikalia katikati ya Lubao! Ng'ombe wakakata kamba. Dume la Shitanda lilipita juu ya nyanya za watu, na Shitanda nyuma yake akiita jina la Yesu na majina mengine. Na mimi, sitaficha, mwili ulinisisimka. Nilimwona mama anaweka maji motoni.

Nikaenda hadi kwa lori. Nikamuuliza yule kijana, "Hiyo sauti umetoa wapi?"

Akacheka. "Pole, mathe, nimekosea. Hiyo ni ya watu wa miwa. Yenu ni hii." Akabonyeza tena, na ndama akalia kwa spika.

Basi ndivyo tulivyo kwao, baba. Kila mtu na mlio wake. Muulize Shitanda, alisikia, kama ameshapata pumzi.

Sijafurahia kujua. Ningependa kiwe kimelia kweli, kwa ajili yako. Weka panga chini, tafadhali.

Binti yako,
Nabwire


Nyumbani,
Juni 15, 2026

Mama yangu Nabwire,

Mulembe. Sisi wazima, goti limepoa kidogo. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya aibu, na aibu haishiki kalamu.

Barua yako ilinikuta na panga mkononi. Mistari ya upande wa barabara ilikuwa imelala tayari. Iliyobaki imesimama. Nilimsomea Zilpah. Akasema, "Huyo binti yako amelipwa," akaendelea kufyeka mpaka mwisho. Mbegu ya miwa hatujaiona mpaka leo.

Nilienda hadi kwa geti mwenyewe. Mnyororo umeshika kutu, nyasi imefika kiunoni. King'ora kiko pale pale juu ya paa. Ndege wamejenga ndani yake. Nilisimama nikiwatazama wakiingia na kutoka, halafu nikarudi nyumbani.

Gunia la mwaka huu litakuwa dogo, na tutagawana na Zilpah. Hawezi kulala njaa mimi nikimtazama, hata kama bado anasema ulilipwa. Bibi yangu Awinja nimemtengea mabichi ya kuchoma, yatakuja na Shitanda yakikomaa.

Jana lori la mheshimiwa lilipita huku, likapiga king'ora. Nilikuwa napalilia ile mistari iliyobaki. Sikugeuka, mama. Lakini sitakudanganya: jembe lilisimama kidogo.

Baba yako,
Osundwa