Tangazo Lililofifia Juu ya Kitufe

Mume wangu Bakari,

Sijui nikuite hivyo kwa haki ipi, lakini jina jingine hujanipa, basi nalitumia hilo hilo.

Unakikumbuka chumba chetu cha kazi pale Ngamiani, meza moja, kompyuta yako na yangu zikitazamana? Nilikuwa ndiyo kwanza najifunza kutengeneza tovuti. Kidirisha changu cha matangazo, cha ile nyumba ya wageni ya Tongoni, ukibofya kinatokea ghafla, ukibofya tena kinapotea ghafla. Ulicheka mpaka ukapaliwa na chai. Ukasema mgeni hashtuliwi hivyo, anakaribishwa taratibu na kuagwa taratibu. Ukanionyesha namna ya kukifanya kijitokeze polepole na kufifia polepole, chini ya sekunde moja tu, jicho litulie. Kisha ukanizuia mkono kabla sijafunga kazi.

"Kufifia si kuondoka, Zuhura. Kikishafifia, kiondoe. La sivyo kitabaki pale pale, hakionekani, na kitazuia kila kilicho chini yake."

Mwezi uliopita mwenye nyumba ya wageni alinipigia simu, analalamika kuwa watu hawawezi kuweka nafasi. Kitufe wanakiona, wanakibofya, hakiitiki. Nilikudhania wewe, sikufichi. Neno la siri la tovuti ile unalo, na mtu aliyeaga kwenda Mombasa kwa kazi ya miezi miwili, akakaa mwaka na nusu, simwekei dhamana. Nikaenda Pongwe kwa mama yako, nikamwamkia shikamoo kwa adabu zote, halafu nikamwambia mwanawe ananiharibia kazi. Aliendelea kuchambua mchele. Nilipomuuliza kama huwa unampigia, akasema mtandao unasumbua. Mtandao gani huo, Bakari, unaokataa kwake na kwangu, lakini picha yako ya profaili inabadilika kila wiki?

Nilirudi nikakagua mstari kwa mstari. Kosa lilikuwa langu. Tangazo la Idi nililifanya lififie, nikasahau kuliondoa. Lilikuwa limelala juu ya kitufe, halionekani, likipokea kila kidole kilichokuja. Nimekwenda tena kwa mama yako kumwomba radhi, na wewe nakuomba.

Lakini kwa hilo tu. Maana tangu siku ile nimeanza kukukagua wewe mwenyewe. Ulipovuka mpaka ulikuwa unapiga simu kila jioni. Ikawa Ijumaa kwa Ijumaa. Ikawa ule ujumbe wa Ijumaa njema unaotumiwa watu wote. Sasa ni kimya. Hakuna siku hata moja ninayoweza kuinyooshea kidole nikasema hapa ndipo aliponiacha. Na nashuku ulipanga iwe hivyo, kwa kuwa kazi ya kufifisha simjui anayeiweza kukuzidi.

Juzi shangazi yangu alikuja na habari za mtu anayetaka kuniposa, ikiwa nimeshaachwa. Akaniuliza, "Weye una mume au huna?"

Talaka sina, na mume simwoni. Shangazi akanywa kahawa yake, akaondoka bila jibu la kumpelekea mtu wa watu.

Bado nakupenda, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote. Ukirudi nitakupikia mkate wa kumimina, kisha nikuulize maswali mpaka uchoke. Kama hurudi, mtumie mama yako karatasi ya talaka, kwa mwandiko wako, na mashahidi wake, aniletee. Kuagwa taratibu kumenitosha. Imebaki ile hatua ya mwisho uliyonifundisha mwenyewe, na hiyo siwezi kukufanyia mimi.

Mkeo, mpaka utakaposema,
Zuhura